Ramani ya Mji na Hatima ya Lugha: Kiswahili katika Historia ya Upangaji wa Bujumbura

1. Utangulizi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, huwa nawapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi jepesi: eleza kwa Kiswahili njia ya kutoka chuoni hadi nyumbani kwenu. Zoezi hili hunisaidia kuona nani ana msamiati wa kutosha na nani bado anatafsiri kutoka Kirundi au Kifaransa. Mwaka mmoja mwanafunzi wa Buyenzi aliandika insha nzuri kuliko zote. Alitutembeza kutoka Mutanga, tukapita Nyakabiga, tukaingia Buyenzi na kuhesabu avenyu moja baada ya nyingine hadi mlangoni kwao. Nilipomwomba aisome mbele ya wenzake alikataa. Baada ya kipindi nilimwuliza sababu. Akanijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wataniita Mswahili."

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Huyu ni kijana aliyechagua kusomea Kiswahili kwa miaka kadhaa, anayekizungumza tangu utotoni, na bado anaogopa kuitwa Mswahili. Wasomaji walio nje ya Burundi huenda wakashangaa. Sisi tulio hapa hatushangai. Katika mazungumzo ya Kirundi ya kila siku, neno umuswahili halimaanishi tu mtu anayezungumza lugha fulani. Mara nyingi humaanisha mjanja wa mjini, mtu wa maneno mengi, mtu usiyepaswa kumwamini upesi.

Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili nchini Tanzania, wenzangu walipenda kuniuliza Warundi tumekipata wapi Kiswahili. Nilikuwa nikijibu kwa neno moja: biashara. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi. Biashara inaeleza jinsi lugha ilivyofika. Haielezi kwa nini lugha iliyofika zamani hivyo ilibaki mjini, tena zaidi katika mitaa michache ya mji, wala kwa nini jina la wasemaji wake likageuka kuwa tusi.

Makala haya yanajaribu kutoa jibu la pili. Hoja yangu ni kwamba nafasi ya Kiswahili nchini Burundi iliamuliwa kwa kiasi kikubwa katika ofisi za waliokuwa wakiupanga mji: nani apewe kiwanja wapi, mtaa upewe jina gani, na serikali ikae wapi. Maamuzi hayo hayakuwa na lengo la kuendeleza wala kudumaza lugha yoyote. Hata hivyo matokeo yake kwa lugha yamedumu kuliko majengo mengi yaliyojengwa wakati huo.

2. Kabla ya ramani: Uzige, Ujiji na boma la Wajerumani

Kabla ya kuwapo mji, palikuwa na ufuo. Pwani ya kaskazini mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika eneo lililojulikana kama Uzige, ilikuwa ikifikiwa na mitumbwi ya wafanyabiashara kutoka Ujiji. Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi kupitia Tabora. Hivyo Kiswahili kilifika katika ufuo wetu kwa njia ya maji, pamoja na nguo, chumvi na pembe za ndovu, na pia pamoja na biashara ya watumwa. Jambo hili la mwisho tusilifiche. Mfanyabiashara Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kupenya Burundi kwa nguvu, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamzuia. Kumbukumbu ya uadui huo ilitangulia ramani zote tutakazozijadili.

Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura. Askari wao, wapagazi na wafanyabiashara waliowafuata walitoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki na Kongo. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na ndiyo lugha ambayo serikali ya Kijerumani iliitumia katika utawala wa koloni lake zima la Afrika Mashariki. Kwa Mrundi wa wakati huo, Kiswahili kilikuwa lugha ya boma: lugha ya askari, ya kodi na ya amri.

Baada ya mapatano ya Kiganda ya mwaka 1903 kati ya Wajerumani na Mwezi Gisabo, utawala wa kijeshi ulianza kulegezwa. Mwaka 1906 Urundi iliwekwa chini ya Residenti, aliyekaa Usumbura. Mwaka 1912 ulitolewa uamuzi wa kwanza wa mipango ambao nadhani kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini anapaswa kuujua: ofisi ya Residenti ilihamishwa kwenda Gitega, katikati ya nchi. Kituo cha utawala wa Urundi kikapanda milimani, karibu na Mwami na watu wake. Wafanyabiashara, na Kiswahili chao, wakabaki ufuoni. Mwachano kati ya mji wa utawala wa Warundi na mji wa biashara wa Waswahili ulianzia hapo.

3. Mji wa Wabelgiji: kila mtu na mtaa wake

Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura mwezi Juni 1916. Katika miaka iliyofuata, mji huo ukawa makao makuu ya Ruanda-Urundi yote, wakati Gitega, ambayo wao waliiandika Kitega, ikabaki makao ya utawala wa Urundi peke yake. Mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Usumbura ikawa mji uliotazama pande mbili: upande wa Kongo kwa sheria na watumishi, na upande wa Kigoma kwa bidhaa, kwa sababu reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914. Pande zote mbili zilileta wasemaji wa Kiswahili.

Mji huo ulipangwa kwa kuwatenga watu. Wazungu walipata sehemu yenye miti, barabara pana na viwanja vikubwa. Wahindi, Waarabu na wafanyabiashara wengine walipata mtaa wa Kiasia karibu na maduka na bandari. Waafrika walipewa mitaa yao, nayo iligawanywa tena. Mmoja uliitwa rasmi kijiji cha Waswahili. Ndio Buyenzi ya leo. Mwingine uliitwa Belge. Ndio Bwiza ya leo. Mitaa hiyo ilichorwa kwa rula: barabara zilizonyooka, viwanja vinavyolingana, na avenyu zilizopewa namba badala ya majina. Mwanafunzi wangu alipokuwa akihesabu avenyu katika insha yake, alikuwa akisoma ramani ya mkoloni bila kujua.

Tuliangalie kwa makini jina hilo, kijiji cha Waswahili. Wengi tunaufahamu mfano wa Dar es Salaam, ambako watu walizoea kusema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Pale, Uswahilini palikuwa mahali pa Waafrika wote. Mzaramo, Mnyamwezi na Mmanyema walipokaa humo wote walikuwa watu wa Uswahilini, na kadiri mji ulivyokua, ndivyo neno hilo lilivyobeba watu wengi zaidi. Usumbura mambo yalikuwa tofauti. Hapa Mswahili alitengwa si na Mzungu tu, bali na Waafrika wengine pia. Alikuwa Mwafrika wa aina nyingine, asiye chini ya chifu wala Mwami, asiye wa kilimani. Mara nyingi alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Ujiji, Manyema au Uvira, au alikuwa Mrundi aliyeacha kilima chake, akasilimu na kuishi kwa biashara au ufundi. Kwa hiyo neno Mswahili liliingia katika daftari za utawala kama jina la kundi na la mtaa kabla ya kuwa jina la msemaji wa lugha.

Utengano huu ulipewa nguvu ya sheria. Wabelgiji walikuwa na mfumo wa maeneo ya mjini yaliyokuwa nje ya mamlaka ya machifu wa jadi. Kwa Kifaransa waliuita centre extra-coutumier, yaani kituo kilicho nje ya mila. Jina lenyewe linatosha kama somo. Mkazi wa kilimani alikuwa na mila. Mkazi wa Buyenzi, kwa mujibu wa sheria, alikuwa nje yake. Nadhani dharau iliyomo katika neno umuswahili ilipata mbolea nyingi hapa. Mtu asiye na kilima, asiye na chifu, anayekaa kwenye namba ya avenyu, ni rahisi kumwona kuwa mtu asiye na asili.

Siasa ya shule ilikamilisha kazi hiyo. Wamisionari wengi walikitilia shaka Kiswahili kwa kukihusisha na Uislamu. Watoto wa vilimani wakafundishwa kwa Kirundi, na waliopanda madarasa wakakutana na Kifaransa. Kwa hiyo Mrundi angeweza kusoma hadi kuwa karani bila kukihitaji Kiswahili mpaka siku aliposhuka mjini. Lugha ya boma la Wajerumani ikageuka kuwa lugha ya mitaa miwili mitatu.

Katika miaka ya 1950 mji ulipanuka tena. Shirika la serikali ya kikoloni la kujenga nyumba za Waafrika, lililoanzishwa mwaka 1952 kwa ajili ya miji mikubwa ya Kongo na Usumbura, lilijenga mtaa mpya ng'ambo ya mto Ntahangwa. Watu waliuita Okafu, kwa kufupisha jina la shirika hilo. Leo unaitwa Ngagara. Upangaji huu ulilenga makarani na watumishi, watu waliopita shuleni na wanaojua Kifaransa. Mto Ntahangwa ukawa zaidi ya mto. Upande mmoja mtu alijifunza kuishi mjini kwa Kiswahili. Upande wa pili alijifunza kuishi mjini kwa Kirundi na Kifaransa.

4. Buyenzi na uhuru

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa sababu historia ya mtaa huu si ya kutengwa tu. Mwana wa Mwami, Louis Rwagasore, aliporudi kutoka masomoni Ubelgiji, mahali pa kwanza alipotafuta watu wa kufanya nao kazi palikuwa ni miongoni mwa wafanyabiashara wa mjini. Mwaka 1957 alishiriki kuanzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, uliolenga kuwapa Waafrika nafasi katika biashara iliyoshikwa na wageni. Waswahili wa Usumbura walikuwa nguzo ya juhudi hizo, na chama cha UPRONA kilipokua, Buyenzi ilikuwa mojawapo ya ngome zake.

Sababu yake haihitaji kutafutwa mbali. Mtaa uliowekwa nje ya mila ulikuwa pia nje ya hofu ya chifu. Watu wake walisafiri hadi Kigoma na Dar es Salaam, walipata habari za TANU, na walikuwa na lugha ya kuzungumzia uhuru, haki na umoja ambayo majirani wao walikuwa tayari wakiitumia. Ramani iliyochorwa ili kuwatenga iliwapa mahali pa kukusanyika. UPRONA ilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba 1961 Rwagasore aliuawa hapo hapo Usumbura, kando ya ziwa, kabla hajaiona nchi yake ikiwa huru.

Nawaomba wanafunzi wetu wakumbuke jambo hili kila wanaposikia kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni isiyo na historia katika taifa la Burundi. Shujaa wa uhuru wa nchi hii alijenga chama chake akiwa bega kwa bega na Waswahili.

5. Majina mapya, mitaa ile ile

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Miongoni mwa maamuzi ya wakati huo ni kubadili majina, na kwetu sisi walimu wa lugha majina hayo ni hazina. Usumbura ikawa Bujumbura. Urundi ikawa Burundi. Kitega ikaandikwa Gitega. Haya hayakuwa mabadiliko ya tahajia tu. Katika Kiswahili kiambishi cha ngeli ya 14 ni u-, kama katika Unyamwezi na Uzige. Katika Kirundi kiambishi hicho hicho ni bu-. Vilevile Kirundi hubadili ki- kuwa gi- pale silabi inayofuata inapoanza na konsonanti isiyo ghuna kama t, kwa kanuni ambayo wanaisimu huiita kanuni ya Dahl. Ndiyo maana kitabu kilipoingia katika Kirundi kikawa igitabo. Kwa hiyo uhuru uliondoa sarufi ya Kiswahili katika ramani na kuweka sarufi ya Kirundi. Nchi ilirudishiwa jina lake kwa ulimi wa wenyewe, na hakuna wa kulalamikia hilo.

Kilichobaki bila kubadilika ni mitaa. Belge ikawa Bwiza na Okafu ikawa Ngagara, lakini avenyu zilibaki na namba zake na wakazi walibaki walipo. Mji ulikua kwa kasi. Sensa ya mwaka 1990 ilihesabu wakazi 235,440. Ile ya mwaka 2008 ilihesabu 497,166, yaani zaidi ya mara mbili katika miaka 18. Wengi wa wakazi hao wapya walitoka vilimani, wakajenga Kamenge, Kinama, Musaga, Kanyosha na Buterere. Walikuja na Kirundi chao, na walipohitaji Kiswahili walikipata sokoni, kwenye karakana na katika vituo vya magari.

Kati ya sensa hizo mbili ilipita vita iliyoanza mwaka 1993. Katika miaka hiyo mitaa ya Bujumbura iligawanyika kwa makabila, na mtu aliweza kufa kwa kuvuka daraja asilopaswa kuvuka. Hatuwezi kuandika kwamba Kiswahili kiliwalinda wasemaji wake, kwani mwezi Machi 1995 ghasia zilifika Bwiza na Buyenzi, na maelfu wakakimbia, wengi kuelekea upande wa Zaire ya wakati huo. Hata hivyo, wengi wanaoikumbuka Buyenzi ya miaka hiyo huisimulia kama mtaa ambamo swali la kabila lilichelewa kuulizwa. Mtu aliyejibu kwa Kiswahili hakuwa amejitambulisha bado. Katika mji ambao kujitambulisha kulikuwa hatari, hilo halikuwa jambo dogo.

6. Maamuzi ya karne hii

Karne ya 21 imeleta maamuzi mengine ambayo yanatikisa ramani hiyo ya zamani. Nitayataja kwa ufupi, kwa kuwa mengi tumeyashuhudia sote.

La kwanza ni la shule na jumuiya. Katikati ya miaka ya 2000 Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi pamoja na Kiingereza, na tarehe 1 Julai 2007 Burundi ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Ruyigi au Kayanza alikutana na Kiswahili kupitia daftari badala ya mtaa. Idara kama yetu zilipata kazi. Hata hivyo, mwaka 2014 sheria ya lugha ilipoweka Kiingereza miongoni mwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa, Kiswahili hakikuwamo.

La pili ni la soko. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Wafanyabiashara waliopoteza mahali pao walitawanyika katika masoko mengine ya mji, na soko la Ruvumera, lililoko Buyenzi, likapata uzito ambao halikuwa nao awali. Mkaazi wa Gihosha au Kinindo ambaye hakuwa na sababu ya kukanyaga Buyenzi sasa alilazimika kwenda kununua nguo za watoto huko, na kupatana bei kwa lugha ya huko.

La tatu ni la mipaka ya utawala. Mwaka 2014 zile komini 13 za mji zilikusanywa kuwa tatu: Mukaza, Muha na Ntahangwa. Buyenzi, iliyokuwa komini, ikawa zoni ndani ya Mukaza, pamoja na Bwiza, Nyakabiga na Rohero. Mtaa wa Waswahili na mtaa uliokuwa wa Wazungu vikaingia katika komini moja. Baadaye sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42, mpango ulioanza kutekelezwa mwaka 2025.

La nne ni la makao makuu. Mwezi Januari 2019 Gitega ilithibitishwa kuwa mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura ikabaki mji mkuu wa kiuchumi. Msomaji ataona kwamba hapa tumerudi mwaka 1912: utawala milimani, biashara ufuoni. Lakini mazingira si yale yale. Mwaka 1912 utawala ulipohama uliiacha lugha nyuma. Safari hii, karani anayepelekwa Gitega huenda amesoma Kiswahili shuleni, na nchi yake inakaa meza moja na Tanzania na Kenya katika Jumuiya. Kama Kiswahili kitapanda mlima pamoja na ofisi, au kitabaki tena ufuoni, hilo litategemea sehemu yake sisi tunaofundisha.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huwachekesha wanafunzi wangu ninapolitaja. Chini kabisa katika ngazi za utawala wa Burundi, chini ya komini, zoni na mtaa, yupo kiongozi wa nyumba kumi. Anaitwaje? Anaitwa nyumbakumi. Kirundi kina neno inzu na kina neno cumi. Kingeweza kabisa kujitengenezea jina. Badala yake likachukuliwa zima zima neno la Kiswahili, linalotukumbusha mfumo ulioenea Tanzania tangu enzi za TANU. Leo mkulima wa kilimani ambaye hajawahi kuiona Buyenzi humwita kiongozi wake wa karibu kabisa kwa Kiswahili, na hakuna anayemwambia kwamba ni Mswahili.

7. Historia hii inatufaa nini darasani?

Walimu wenzangu wanaweza kuuliza: haya yote yana faida gani kwa somo la Kiswahili? Naona faida tatu.

Kwanza, inatusaidia kusahihisha kwa haki. Mwanafunzi wa Buyenzi anapoandika avenyu, karitie au komini, mara nyingi tunapiga mstari mwekundu kana kwamba amekosa. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo kwa miaka. Siku hizi ninatofautisha. Kosa la upatanisho wa kisarufi ni kosa, na nitalisahihisha. Lakini neno linalotaja kitu ambacho utawala wa mji huu ulikiumba na kukipa jina si kosa. Nikimwambia aandike "barabara" mahali pa avenyu yenye namba, nitakuwa nimempotezea njia ya kufika kwao.

Pili, inatupa maarifa ya kujibu dharau. Mwanafunzi anayejua kwamba neno Mswahili lilipachikwa maana mbaya na mfumo wa kuwatenga watu kwa mitaa hatalibeba kwa namna ile ile. Atajua kwamba aliyewekwa nje ya mila hakukosa asili. Alikuwa ameandikwa hivyo katika daftari ya mtu mwingine.

Tatu, inafungua mada za utafiti kwa wanaoandika tasnifu. Wazee wa Buyenzi na Bwiza wangali wanakumbuka majina ya zamani ya mitaa, visima, misikiti na masoko. Majina ya vituo vya magari, ya gereji na ya vichochoro hayajakusanywa vya kutosha. Mwanafunzi anayetafuta mada kwa kuzunguka katika maktaba ya chuo anaweza kuipata kwa kushuka hadi soko la Ruvumera na kusikiliza kwa nusu siku, akiwa na daftari na adabu.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba historia ya Kiswahili nchini Burundi haiwezi kuelezwa kwa misafara ya Ujiji peke yake. Uamuzi wa mwaka 1912 wa kuhamisha Residenti, uamuzi wa Wabelgiji wa kuwapa Waswahili mtaa wao, ujenzi wa Okafu ng'ambo ya mto, hadi ugawaji mpya wa komini, vyote vimechangia kuamua nani ataijua lugha hii, ataijulia wapi, na ataonekanaje akiizungumza. Biashara na dini vilikuwa na nafasi yake, lakini ramani ndiyo iliyovichorea mipaka.

Anayepanga mji mara nyingi hafikirii lugha. Anafikiria maji, barabara na kodi. Ndiyo sababu sisi wa lugha tunapaswa kuzisoma ramani zake.

Nimalizie kwa yule mwanafunzi wangu. Mwaka uliofuata nilifundisha kozi fupi kuhusu mambo niliyoyaandika hapa, naye alikuwamo darasani. Tulipofika kwenye kijiji cha Waswahili nilibandika ukutani mchoro wa mitaa ya mji na kuuliza nani anaweza kutuelekeza. Palikuwa kimya kidogo. Kisha akasimama, akaenda mbele, akaweka kidole penye avenyu yao na kusema, "Hapa ndipo kwetu." Wenzake walianza kumwuliza maswali, na akayajibu yote kwa Kiswahili mpaka kengele ikalia.